Ukianza kazi ya vinasaba na unene, uliza kwanza ni damu ya nani

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa unene na urithi, wengi mnaniuliza msome nini kwanza. Mimi nawaambia kabla hamjafungua kitabu shikeni swali moja, kila mkiletewa namba ulizeni ilipimwa kwa watu gani, manake karibu yote nilojifunza kazini hapa Lamu na Malindi yanarudi hapo.

Tuchukue jeni, yaani kinasaba, kimoja kiitwacho FTO. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mtu aliyerithi nakala mbili za aina fulani ya jeni hiyo, moja kwa baba moja kwa mama, kwa wastani anakuwa na kama kilo 3 zaidi ya yule asie nayo kabisa. Kwa Wazungu karibu mtu 1 kati ya 6 ana nakala zote mbili. Ukienda China na Japani aina hiyo inapungua sana. Sasa njoo Afrika: ile alama waliyotumia wao, yaani herufi moja ya DNA inayotofautiana kati ya mtu na mtu, iko kwa wingi tu lakini haifuatani na uzito vile inavyofuatana kwao. Hapa ndio wageni wengi hukwama. Alama si lazima iwe yenyewe inayofanya kazi, mara nyingi ni jirani tu wa ile inayofanya kazi, hurithiwa pamoja nayo. Ni kama kuelekezwa nyumba mtaa wa Langoni hapa Lamu, unaambiwa ukipita mlango wa kuchongwa ingia wa pili, sawa kabisa kwa Langoni, lakini uyachukue maelekezo hayo hayo uende nayo mtaa wa Mkomani utabisha hodi kwa watu usiowajua. Sisi Waafrika damu yetu ina vizazi vingi zaidi vya kukatwa na kuunganishwa upya, kwa hivo majirani wa vinasaba vya Mzungu sio majirani wa vyetu. Na hiyo ni faida pia, manake vipande vyetu vya DNA vinavyorithiwa pamoja ni vifupi, vinasaidia kubana eneo mpaka ukaribie jeni yenyewe.

Halafu kuna Samoa, hii naipenda sana. 2016 ilipatikana aina moja ya jeni CREBRF, kwao karibu robo ya nakala zote ni hiyo, na nje ya visiwa vya Pasifiki ni nadra mno. Inaongeza uzito, lakini mwenye nayo hatari yake ya kisukari inashuka. Kwa hivo musimtazame mtu mnene mkamhukumia sukari hapo hapo.

Na msiwauzie watu matumaini ya uongo kwamba vinasaba vitawatabiria unene. 2018 walikusanya watu kama laki 7 wa asili ya Ulaya, wakapata alama zaidi ya 900 zinazohusiana na BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, na zote pamoja zilieleza kama asilimia 6 tu ya tofauti kati ya mtu na mtu. Ukipiga hesabu ya hatari kwa alama hizo hizo kwa Mwafrika inabahatisha zaidi.

Sasa ya kazini. Neno jeni huku litamkeni kwa uangalifu sana. Kuna mama mmoja alinyanyuka katikati ya mahojiano akamshika mwanawe mkono, kumbe kasikia nimesema mtoto ana jini la unene, na walahi ilinichukua wiki nzima na msaada wa shangazi yake mpaka akakubali kunifungulia mlango tena. Tangu siku ile nasema "vitu vya kurithi", kila mtu anaelewa, manake kila nyumba ina ukoo wa watu wanene na ukoo wa wembamba.

Mate tunayochukulia vinasaba nayo: mtu asile, asinywe wala asitafune kitu nusu saa kabla. Wazee wetu na tambuu mnawajua, ukiona chupa imegeuka nyekundu sampuli imeharibika hiyo, na mzee hutamuomba ateme mara ya pili bila kumuudhi. Ukifika kaa, amkia, zungumza, nusu saa itapita yenyewe. Mizani wekeni juu ya ubao mliousawazisha, sakafu za nyumba za kale zimeinama, na mama akivua buibui mumpe faragha na apimwe na mwanamke mwenzake.

Kubwa kwangu mimi ni ile safu ya kabila kwenye fomu. Kwenye 1000 Genomes, hazina ya vinasaba vya watu wa sehemu mbalimbali za dunia, kutoka Kenya wamo Waluhya wa Webuye, sisi wa pwani hatumo. Na 2023 mifupa ya makaburi ya kale ya Manda, Faza na Mtwapa ilionyesha damu ya akina mama wa Kiafrika imechanganyika na ya akina baba kutoka Uajemi, tangu karibu miaka 1,000 iliyopita. Mtu kama huyo ukimuandika "Mwafrika" basi, au "Mwarabu" basi, umepoteza habari yote uliyoijia. Mimi nauliza babu na bibi wa pande zote mbili, wote wanne, kila mmoja kazaliwa wapi: Pate, Siyu, Malindi, Hadhramaut, naandika vile ninavyoambiwa. Mkipewa fomu isiyo na nafasi hizo nne ombeni ziongezwe kabla hamjampima mtu wa kwanza, mimi nilirudi mlango kwa mlango baadae kuziuliza na nusu ya waliokuwa wakijua majibu nilikuta washahama au washafariki.