Jibu: Mitokondria hupataje kalsiamu?
Mkuu, umeuliza mitokondria (viungo vidogo vya seli vinavyotengeneza nishati) hupataje kalsiamu wakati saitoplazimu (ujiuji unaojaza seli) ina kidogo mno. Jibu ni ukaribu. Retikulamu ya endoplazimu, ghala la kalsiamu la seli, hugusana karibu kabisa na mitokondria: sehemu nyingine pengo ni nanomita 10 hadi 30 tu. Vipokezi vya IP3 (milango ya kalsiamu ya retikulamu, inayofunguliwa na molekuli ya ishara iitwayo IP3) vikifunguka, kalsiamu hufika kidogo kwingineko, lakini kwenye pengo hilo hujaa ghafla. Hapo ndipo mlango wa kalsiamu uitwao MCU kwenye utando wa ndani wa mitokondria (protini yake ilitambuliwa mwaka 2011, baada ya kusakwa kwa miongo!) huipitisha kwa kasi. Ikishaingia huchochea vimeng'enya, ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) inaongezeka. Ikizidi na kudumu, seli inaweza kufa.