Pistoni ya nyuma haisukumwi, inazungushwa

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Volkswagen Golf 5 ya mwaka 2006. Jumamosi nilianza kubadilisha pedi za breki mwenyewe. Za mbele zimekwisha vizuri, pistoni niliibana kwa klempu ikarudi yenyewe. Nyuma pistoni imegoma kabisa, haisogei hata kidogo. Jirani yangu mwenye Mark X anasema nitafute klempu kubwa zaidi, yeye ndivyo anavyofanya. Nimekwama, gari bado liko juu ya jeki. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kaitoe hiyo klempu. Na gari lisilale juu ya jeki peke yake. Weka stendi, na magurudumu ya mbele yazuie kwa mawe au mbao, maana handbreki lazima iwe chini muda wote wa kazi hii.

Jirani hajakudanganya. Mark X ina viatu vidogo vya handbreki ndani ya disiki, handbreki yake haiigusi pistoni, kwa hiyo pistoni yake ya nyuma ni ya kusukuma tu. Ya kwako ni nyingine. Ukivuta handbreki ya Golf, waya unavuta mkono mdogo ulio mgongoni mwa kalipa (kile kibano kinachobeba pistoni na pedi), na mkono huo unasukuma parafujo iliyo ndani ya pistoni yenyewe. Pedi zinavyolika, nati ya ndani inajizungusha taratibu juu ya parafujo hiyo ili pengo lisizidi. Hapo ndipo pistoni yako ilipoishia: imekaa juu ya nyuzi za parafujo. Ukiisukuma moja kwa moja unasukuma chuma dhidi ya chuma.

Nakueleza nikiwa na uchungu wake. Nilipokuwa bado najifunza kazi, niliweka klempu kwenye kalipa ya Golf ya mteja, nikachomeka bomba kwenye mpini nikakaza. Nikasikia "ka!" moja ndani. Pistoni ikaingia, nikaona nimeshinda. Jioni mteja akarudi: handbreki inapanda mpaka mwisho na gari linateremka mlima. Kalipa ile haikutengenezeka, nikailipa kutoka kwenye posho yangu kwa miezi mitatu. Mteja yule alikuwa anabeba watoto kila asubuhi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko pesa.

Sasa kazi yenyewe. Fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, na kama yamejaa yanyonye kidogo kwa bomba la sindano. Pistoni ikirudi mafuta yanapanda, na yakimwagika yanababua rangi. Itazame pistoni usoni: utaona vijipengo viwili. Vile ndivyo vya kushikia. Kuna kifaa chake, kina vijino vinavyoingia mle na skrubu inayobana huku inazungusha. Azima gereji au kinunue, kitakufaa miaka yote. Wapo wanaotumia koleo la mdomo mrefu, lakini koleo halibani, linazungusha tu, na likiteleza linachana raba ya kuzuia vumbi iliyozunguka pistoni.

Zungusha upande wa kukaza, yaani kama mshale wa saa; kwa Golf yako kalipa ya kushoto na ya kulia zote ni hivyo hivyo. Bana kidogo, zungusha, bana tena. Usiharakishe. Angalia ile raba: ikianza kujisokota pamoja na pistoni, simama, inyanyue ukingo wake kwa kidole, iachie ikae sawa, ndipo uendelee. Raba iliyosokotwa itapasuka, maji yataingia, na baada ya msimu mmoja wa mvua pistoni itakuwa imeshika kutu kwelikweli. Kwenye magari mengine pistoni ya upande mmoja huzunguka kinyume, na Honda nyingi zinataka kipengo kikae sambamba na kijino cha pedi, kwa hiyo usije ukambebea jirani mwingine ushauri huu mzima mzima.

Na mwenye Passat ya kuanzia 2005, ile ya handbreki ya kitufe, asiguse kwanza. Mota ya handbreki irudishwe nyuma kwa kompyuta ya gereji, ndipo pistoni isukumwe.

Ukirudisha kalipa weka bolti mpya za pini, zile za zamani hujikaza mara moja tu. Kisha kaa kwenye kiti ukanyage pedali ya breki mara nyingi, taratibu, mpaka iwe ngumu. Usiwashe gari kabla ya hapo: kanyagio la kwanza litazama mpaka chini. Ongeza mafuta ya breki, aina ya DOT 4, kisha vuta handbreki mara kadhaa.

Zunguka mtaani dakika kumi, ushuke, sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma bila kugusa. Upande mmoja ukiwa na joto kali kuliko mwingine, chungulia ule mkono mgongoni mwa kalipa. Kwenu pwani chumvi huukamata, na usiporudi mpaka kwenye kizuizi chake, pedi mpya zitalika kabla ya mwezi kwisha.