Fimbo ya kusukuma au ya kuvuta? Majibu kwa wapenzi wa Formula 1, Lubumbashi

Fimbo hizo zina kazi gani? (Msomaji, Katuba)

Kwenye gari la mashindano, springi na amotisa hufichwa ndani ya bodi zisikae kwenye njia ya upepo. Gurudumu likipanda, fimbo ndiyo inayopeleka mwendo huo ndani. Ukiiona imeanzia chini kwenye gurudumu ikapanda kuelekea bodi, hiyo ni ya kusukuma: gurudumu likiruka, inabanwa. Ikianzia juu ikashuka ndani, ni ya kuvuta.

Ipi bora? (Fundi, Kamalondo)

Kwa namna gari linavyomeza matuta, hakuna. Hilo hupangwa na roka, kile kipande kinachogeuka ndani na kubonyeza springi. Fimbo inayovutwa haipindi kama inayobanwa, kwa hiyo inaweza kuwa nyembamba, na springi zikikaa chini uzito unashuka nazo. Ila wewe fundi utaichukia: kila marekebisho ni kuinama na kupapasa chini ya gari.

Basi mbona timu hubadilishabadilisha?

Upepo, ndugu yangu. Mwaka 2009 Adrian Newey, mbunifu wa magari wa timu ya Red Bull, aliweka fimbo ya kuvuta upande wa nyuma wa gari lao RB5. Mgongo wa gari ukashuka, hewa ikafika safi kwenye bawa la nyuma, na dereva wao Vettel akashinda China. Lakini msimu huohuo wapinzani walikuja na difyuza ya ghorofa mbili (difyuza ni mwisho wa sakafu nyuma, hewa ya chini ya gari inapotokea), inayotaka nafasi palepale saspensheni, yaani springi, amotisa na fimbo zake, ilipolala. Red Bull walihangaika kuiingiza. Sheria za 2022 zilipofanya sakafu ivute gari chini, Red Bull na McLaren waligeuza kila kitu: fimbo ya kuvuta upande wa mbele, ya kusukuma upande wa nyuma, ili hewa ya chini ipate njia. Huo ndio ufundi ninaoupenda.

Fimbo ya kuvuta upande wa mbele ndiyo iliyomnyima Alonso, dereva wa Ferrari, ubingwa 2012?

Sidhani. Pua ya Ferrari F2012 ilikuwa juu mno, fimbo ikawa karibu kulala, na fimbo iliyolala hubeba nguvu kubwa zaidi. Hata hivyo Alonso alishinda mara 3 na kukosa ubingwa kwa pointi 3 tu.

Naweza kuifunga kwenye Corolla yangu ya taksi?

Acha. Amotisa yako ya mbele imesimama katikati ya springi na kushika gurudumu moja kwa moja. Fimbo haina pa kukaa. Pesa hiyo nunua amotisa mpya na raba za mikono ya chini.