Suria wako hakuwa huru mwaka 1873

Dada, nimekuelewa: shujaa wa hadithi unayoandika ni suria wa Unguja, yaani mtumwa anayeishi na bwana wake kama mke, mwenye mtoto mdogo, unataka aondoke kwa bwana wake akiwa huru mwaka 1873, na sura ya mwisho imekukwama.

Kinachokukwamisha ni tarehe. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alifunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini, lakini waliokuwa majumbani walibaki watumwa. Amri ya 1897 iliwaruhusu kudai uhuru mahakamani, ila masuria waliachwa nje. Wao walifikiwa na amri ya 1909, tena kwa sharti chungu: akiondoka bila ridhaa ya bwana, anapoteza haki ya kukaa na wanawe.

Ningekuwa wewe ningehamia 1909. Mweke mlangoni alfajiri, mtoto bado yuko usingizini. Njia nyingine ni bwana afe, maana kwa sheria ya Kiislamu suria aliyemzalia bwana huwa huru kwa kifo chake, lakini hapo unamnyang'anya uamuzi wake.

Hadithi yangu ya kwanza ilijaa neno "uhuru". Niliyafuta yote, nikabakiza mwanamke anavua kaniki, nguo ya watumwa, na kupinda upindo wa kanga aliyojinunulia. Ikasimama.

Usitumie majina ya koo halisi. Wajukuu wapo na wanaumia. Mpe mwanahistoria wa Zanzibar asome mswada kabla ya mchapishaji, hasa mambo ya mahakama.