Kabla Hujafomati Diski ya Mteja

Mdogo wangu unayeanza kazi kwenye vibanda vyetu vya kompyuta hapa Mombasa, siku moja utachomeka diski ya nje ya mteja, na Windows itakwambia kwamba lazima ifomatiwe, yaani ipangwe upya kama tupu, kabla ya kutumika. Usikubali. Funga ujumbe huo, uchomoe diski, umuulize mwenyewe aliitumia wapi mara ya mwisho. Ujumbe ule hausemi kwamba diski imekufa au haina kitu. Unasema tu kwamba Windows haikuelewa mpangilio wake. Huenda imetoka kwenye Mac na ina APFS, mpangilio wa mafaili wa Mac, ambao Windows haiusomi.

Haya nayasema kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwekewa mezani diski yenye video ya harusi ya Mji wa Kale, tangu siku ya hina mpaka kupamba. Nikabonyeza kukubali. Haikuchukua hata nusu dakika, dirisha likafunguka jeupe. Mama wa bibi harusi alikuwa ameketi nyuma yangu, mkoba mapajani, akaniuliza, "Mwanangu, zishafunguka?" Koo likanikauka.

Kilichotuokoa ni kwamba ile ilikuwa fomati ya haraka, na diski yenyewe ya kuzunguka. Fomati ya haraka huandika orodha mpya ya mafaili lakini data ya zamani hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sikuandika chochote. Tuliirudisha video kwa programu ya kuokoa mafaili, usiku kucha, lakini majina ya mafaili yalipotea na ikabidi nifungue moja moja kuyapanga. Ingekuwa SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, huenda tusingepata kitu.

Kwa hiyo, mteja akitaka umfomatie diski, swali la kwanza ni hili: vilivyomo viko mahali pengine? La pili: utaichomeka wapi? Akisema runinga ya zamani au redio ya gari, FAT32, mpangilio wa zamani unaosomwa na vifaa vingi, ndiyo salama, ila haipokei faili moja linalofikia GB 4, na video ndefu ya harusi huvuka hapo upesi. NTFS, mpangilio wa Windows, ni nzuri kwa anayetumia Windows tu; Mac yenyewe huisoma lakini haiiandikii. Diski ya kuhifadhia nakala za Time Machine, programu ya Mac ya kuweka nakala, iache na APFS.

Anayehama baina ya Windows na Mac mpe exFAT. Microsoft waliitoa mwaka 2006, na pande zote mbili huisoma na kuiandikia. Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, nayo iliipokea kwenye kerneli (kiini chake) ya 5.4, mwaka 2019, baada ya Microsoft kuweka wazi maelezo yake mwaka huohuo. Ukifomati kwenye Mac, fungua Disk Utility, programu yake ya kusimamia diski, uiambie kwanza ionyeshe vifaa vyote, kisha chagua diski yenyewe ya juu, si kile kipande kilicho chini yake. Usipofanya hivyo hutaona pa kuchagua GUID Partition Map, ramani mpya ya kugawa diski. Ramani ya zamani, MBR, kwa kawaida haivuki TB 2. Nimeona diski ya TB 4 ikionyesha nusu tu na mwenyewe akidhani ameuziwa bandia.

Lakini exFAT ina udhaifu ambao ni lazima umweleze mteja. Haina daftari la kumbukumbu za mabadiliko kama NTFS, kwa hiyo waya ukichomolewa au stima ikipotea inapoandika, ni rahisi orodha ya mafaili kuharibika. Isiwe ndiyo nakala yake ya pekee. Na hata akikwambia anawahi feri ya Likoni, usimwachie aichomoe. Itoe kwanza kwenye kompyuta kwa utaratibu, na kataa kumkabidhi mpaka taa ya diski iache kumetameta.