Kuomba nyumba ya kupanga ya taasisi ya umma Dodoma: namna ya kulinda nafasi yako kwenye orodha

Nilihamia Dodoma mwaka 2018 nikitokea Kondoa, miezi michache baada ya mji huu kutangazwa kuwa jiji, nikiwa muuguzi mwenye watoto wawili na barua ya uhamisho mkononi. Chumba na sebule nilichokipata Nkuhungu kilikuwa cha shilingi 120,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali akadai kodi ya mwezi mmoja, hivyo kabla sijaingiza hata godoro nilikuwa nimekwisha kutoa shilingi 840,000. Hapo ndipo nilipoamua kuomba nyumba ya taasisi ya umma, na ilinichukua zaidi ya miaka mitatu kuipata, muda ambao sehemu kubwa yake niliupoteza kwa makosa yangu mawili ninayotaka wenzangu wayaepuke.

Foleni ni ndefu kwa sababu inayofahamika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179, kwa kuwa katikati ya sensa hizo Serikali ilihamia hapa na wizara zikajengewa ofisi Mtumba. Nyumba zilijengwa, lakini watu walifika upesi kuliko nyumba.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hakuna orodha moja ya jiji zima. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lina nyumba zake na waombaji wake. Wakala wa Majengo Tanzania una zake, zikiwamo za Nzuguni, ambazo zimejengwa kwa kuwalenga zaidi watumishi wa umma. Na baadhi ya hospitali, vyuo na shule zina nyumba chache za watumishi wao. Ukiandikisha jina mahali pamoja, hakuna mtu atakayelipeleka kwingine kwa niaba yako. Ni vyema pia kufahamu tangu mwanzo kwamba kwetu hakuna utaratibu wa Serikali kumlipia mpangaji sehemu ya kodi anapopanga kwa mtu binafsi. Nafuu unayoitafuta kwenye nyumba ya umma ni mkataba ulioandikwa, risiti kwa kila malipo, na kodi isiyopandishwa kwa neno la mdomo mlangoni siku ya Jumapili. Kwa mwenye watoto wanaosoma, nafuu hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuacha barua mapokezi. Niliiandika vizuri, nikaambatisha kila kilichotakiwa, nikamkabidhi kijana aliyekuwa mezani katika taasisi moja, naye akaniambia nisubiri kupigiwa. Nilisubiri miezi minane. Niliporudi kuuliza nilielekezwa masjala, na mama aliyekuwa pale akafungua daftari kubwa la barua zinazoingia, akateremsha kidole mstari kwa mstari kuanzia mwezi niliomtajia, akafungua ukurasa uliofuata, kisha akarudi tena mwanzo ili asinionee. Jina langu halikuwapo. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, barua isiyo na namba ya kumbukumbu kwetu haijafika." Miezi minane yote sikuwa kwenye foleni ya mtu yeyote.

Kwa hiyo peleka barua yako masjala kwa mkono wako, ukiwa na nakala mbili. Moja inabaki, na ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, halafu uondoke nayo. Omba pia uandikiwe namba ya jalada juu ya nakala hiyo, maana siku ya kufuatilia watakutafuta kwa namba hiyo kabla ya kukutafuta kwa jina. Nakala yangu niliiweka kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kila nilipoitoa mezani mazungumzo yalibadilika.

Kuhusu barua yenyewe, majina yako yafanane herufi kwa herufi na yaliyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kwa sababu tofauti ndogo, kama Mwanaidi na Mwanaid, inatosha kufanya faili lako liwekwe kando hadi ulete kiapo. Taja idadi ya watu utakaoishi nao, aina ya nyumba unayoimudu, na kipato chako bila kukipunguza wala kukiongeza. Ambatisha utambulisho wa mwajiri, hati ya mshahara ya karibuni na barua ya serikali ya mtaa. Hii ya mtaa ifuatilie mapema, kwa kuwa mtendaji huwa kwenye vikao, na mwenyekiti anayekufahamu hukuandikia kwa nusu saa wakati asiyekufahamu hukutuma kwanza kwa balozi wa nyumba kumi. Wasioajiriwa hawana hati ya mshahara. Jirani yangu mwenye genge la mboga soko la Majengo alipeleka taarifa ya benki ya miezi sita na nakala ya kitambulisho cha mjasiriamali, na maombi yake yakapokelewa.

Usitaje eneo moja peke yake. Wengi wetu huandika Area C au Mlimwa kwa sababu ni karibu na mjini, na huko ndiko nyumba zisikoachwa wazi. Nilipoongeza kwamba niko tayari kwenda Nzuguni, Iyumbu au Ihumwa, nafasi yangu iliongezeka, ingawa ilibidi nipige kwanza hesabu ya nauli ya daladala ya kila siku, kwangu na kwa watoto, na kuijumlisha kwenye kodi. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuandika, kwa maana ukiitiwa nyumba halafu ukaikataa unaweza kurudishwa nyuma.

Kosa la pili linaniuma zaidi. Simu yangu iliibiwa stendi, nikanunua laini mpya, nikawajulisha ndugu na kazini, nikasahau kuijulisha taasisi ambayo kwayo jina langu lilikuwa limefika juu. Walinipigia mara tatu kwa wiki moja, hawakunipata, nyumba akapewa aliyefuata. Nilikuja kuyajua hayo nilipokwenda kufuatilia, na siwezi kuwalaumu. Weka namba mbili, ya pili iwe ya mtu anayepokea simu asizozijua, na ukibadilisha namba, kazi au idadi ya wategemezi, peleka barua fupi yenye namba ya jalada nayo igongwe mhuri.

Tangu siku hiyo nilikwenda masjala kila baada ya miezi mitatu. Nilisalimia, nikatoa nakala yangu, nikauliza kama kuna kiambatisho kilichopitwa na wakati, nikaandika tarehe na jibu nililopewa kwenye daftari dogo. Ziara hiyo huchukua dakika kumi. Sikuwahi kuulizia nafasi yangu kwa ukali, kwa kuwa karani hagawi nyumba, lakini ndiye ajuaye faili lako liko kwenye kabati gani.

Utakutana pia na mtu atakayekuambia kwamba jina lako linaweza kupandishwa. Mimi nilikutana naye nje ya geti, akataka shilingi 300,000 kwenye simu yake. Malipo halali ya taasisi ya umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu, na jina la taasisi hujitokeza kabla hujathibitisha. Ikijitokeza jina la mtu, usiendelee, na TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113.

Wakati wote huo weka akiba ya kuingilia. Nilifungua akaunti ya pembeni nikawa naweka shilingi 40,000 kila mwezi, maana mwito ukija unapewa siku chache tu za kulipa na kusaini. Siku ya kukabidhiwa funguo soma mita ya maji mbele ya afisa na uandike namba yake kwenye fomu ya makabidhiano, kwani deni la mpangaji aliyetoka hubaki kwenye mita. Piga picha nyufa na vitasa vilivyovunjika kabla hujaingiza chochote.

Mimi niliitwa mwezi wa saba mwaka 2022, nyumba ya vyumba viwili. Wiki iliyofuata nilirudi kule kwingine nilikokuwa nimeandikisha jina, nikiwa na barua ya kuliondoa. Mama wa masjala aliisoma, akafungua daftari, akaweka rula chini ya jina langu na kulipiga mstari kwa kalamu nyekundu, kisha akaandika tarehe pembeni. Jina lililokuwa chini yangu lilikuwa la mtu wa Chang'ombe, aliyeomba tangu mwaka 2020.