Kiungulia kwa mwenye kisukari: mnauliza, mfamasia anajibu

Barua nyingi za wiki hii zimetoka kwa watu wenye kisukari wanaotumia dawa za kushusha sukari, kama metformini na glibenklamidi, na pia dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazoli. Nimechagua nne.

Natumia metformini mwaka wa nane sasa, na omeprazoli kila asubuhi mwaka wa nne. Usiku miguu inakufa ganzi. Je, dawa hizi zinagombana? (Msomaji, Tanga)

Hazigombani kwa maana ya moja kuua nguvu ya nyingine. Madhara yake ni ya polepole. Vitamini B12 ya kwenye nyama, dagaa, mayai na maziwa huhitaji asidi ya tumbo ili ibanduke kwenye chakula, na omeprazoli inaipunguza asidi hiyo. Metformini nayo huzuia utumbo kuifyonza B12 vizuri. Miaka ikipita, akiba ya mwilini inakwisha: ganzi, nyayo kuwaka moto, kuyumba gizani, uchovu.

Wengi huponzwa hapa, kwa sababu ganzi hiyo inafanana mno na ile inayoletwa na sukari yenyewe. Nilimhudumia mama mmoja aliyeingia dukani na kandambili mguu mmoja. Ya pili ilimtoka njiani na hakuhisi. Kila alikopita aliambiwa "ni sukari hiyo, vumilia." Alipopimwa damu, B12 ilikuwa chini sana. Upungufu huu unatibika kwa sindano au vidonge, lakini ukicheleweshwa ganzi inaweza kubaki moja kwa moja. Nakusihi uombe kipimo hicho kliniki, na utaje dawa zote mbili. Metformini usiiache kwa uamuzi wako. Omeprazoli je, bado unaihitaji? Wengi waliandikiwa ya wiki chache tu, kisha wakaendelea kujinunulia.

Shikamoo. Mume wangu anameza glibenklamidi kabla ya kula, na kiungulia kikimshika anakunywa Eno hapo hapo. Juzi alitokwa jasho, akatetemeka mikono. (Mama Asha, Morogoro)

Marahaba. Dalili hizo ni za sukari kushuka. Glibenklamidi huyeyuka vizuri zaidi asidi ikipungua, na Eno ina bikaboneti ya sodiamu inayoituliza asidi mara moja. Kwa hiyo dawa inaweza kuingia kwenye damu haraka kuliko kawaida. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu nazo ni hivyo hivyo. Apishanishe kwa saa mbili hivi, na asimeze glibenklamidi chakula kikiwa bado jikoni.

Jasho likianza tena, mpe nusu chupa ya soda yenye sukari, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Mpime baada ya dakika 15, kisha ale. Akipoteza fahamu usimtilie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Hata akizinduka aangaliwe, maana glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena.

Metformini inanivuruga tumbo. Nianze omeprazoli? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Kichefuchefu, gesi na kuharisha kwa metformini havitokani na asidi. Imeze katikati ya mlo au mara baada yake, na umwombe daktari apandishe dozi taratibu au akupe vidonge vinavyoyeyuka polepole. Ukiuziwa simetidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, mwambie muuzaji kwamba unatumia metformini: simetidini inazuia figo kuitoa, hivyo inajazana mwilini.

Kiungulia changu hakisikii dawa yoyote. Kinakuja nikipanda ngazi, nikipumzika kinatulia. Nibadilishe dawa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usibadilishe chochote. Nenda hospitali leo, ukapimwe moyo. Kwa mwenye kisukari, maumivu ya moyo yanaweza kuja kama kiungulia tu, bila kifua kubana. Kikija umekaa na kisitulie, au kikiambatana na jasho la baridi na pumzi kukatika, usisubiri foleni ya kliniki. Ingia moja kwa moja kitengo cha dharura.